Andrew Watson, nahodha wa Uskoti wa mwaka 1881: Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila jina la Andrew Watson linapotajwa katika mazungumzo ya historia ya soka, maswali yanayofuata huwa ni yale yale. Hapa yamekusanywa kuanzia ya msingi hadi yale yenye ubishi. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine, namba ya swali husika imetajwa ili jambo lisirudiwe mara mbili.

## Mambo ya msingi

1. Andrew Watson alikuwa nani?

Alikuwa beki wa klabu ya Queen's Park ya Glasgow na wa timu ya taifa ya Uskoti, aliyezaliwa tarehe 24 Mei 1856 na kufariki tarehe 8 Machi 1921. Aliichezea Uskoti mechi 3 kati ya mwaka 1881 na 1882, na katika mechi ya kwanza kabisa ya kuitwa kwake alikabidhiwa unahodha. Uskoti ilishinda mechi zote 3, ikifunga mabao 16 na kufungwa 3.

Ndiye mwanasoka mweusi wa kwanza anayejulikana kuichezea timu ya taifa, si Uskoti tu bali popote duniani. Ikumbukwe kwamba mechi ya kwanza ya kimataifa, kati ya Uskoti na England, ilichezwa mwaka 1872. Kwa hiyo Watson aliingia wakati soka la kimataifa lenyewe halijatimiza miaka 10.

2. Alizaliwa wapi, na wazazi wake walikuwa nani?

Alizaliwa Demerara, katika koloni la Uingereza lililoitwa wakati huo Guiana ya Waingereza, ambalo leo ni nchi ya Guyana, kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Baba yake, Peter Miller Watson, alikuwa Mskoti aliyetokana na ukoo wa visiwa vya Orkney na aliyejitajirisha kwa mashamba makubwa ya miwa. Mama yake, Hannah Rose, alikuwa mwanamke mweusi wa huko huko Guiana.

Jambo hili halifai kupitiwa haraka. Utumwa katika makoloni ya Uingereza ulifutwa kisheria mwaka 1834, na wafanyakazi wa mashamba wakaachiwa kabisa mwaka 1838, yaani miaka 18 tu kabla ya Andrew kuzaliwa. Utajiri wa sukari ya Demerara ulijengwa juu ya migongo ya watu waliotolewa Afrika kwa nguvu, na ndio utajiri uliomlipia karo kijana huyu na kumfikisha viwanjani Glasgow. Wanaomsimulia kama hadithi tamu ya mtoto aliyetoka chini na kupanda kwa kipaji chake wanaacha nusu ya habari, kwa maana hakutoka chini hata kidogo.

3. Ikiwa alizaliwa Guiana, aliwezaje kuichezea Uskoti?

Hapakuwa na FIFA, iliyoundwa mwaka 1904, wala pasi za kusafiria za kukaguliwa kabla ya mechi. Watson alikuwa raia wa himaya ya Uingereza, baba yake alikuwa Mskoti, naye mwenyewe aliishi Glasgow na kuchezea klabu ya Glasgow. Kamati ya Chama cha Soka cha Uskoti, kilichoanzishwa mwaka 1873, ilikaa na kuchagua wachezaji, na kilichotazamwa zaidi ni kama mtu anacheza soka lake ndani ya Uskoti. Kigezo hicho ndicho kilichomwingiza, na kama inavyoonekana katika swali la 10, ndicho hicho hicho kilichomtoa.

4. Alisoma wapi?

Aliletwa Uingereza akiwa mtoto pamoja na dada yake mkubwa, Annetta. Alisoma kwanza katika shule ya Heath, mjini Halifax, kaskazini mwa England, kisha kuanzia mwaka 1871 katika shule ya King's College jijini London. Hizi zilikuwa shule za watoto wa watu wenye nafasi, na ndizo zilizokuwa zikifundisha michezo kwa bidii sawa na Kilatini.

Alipofikisha miaka 19 alijiunga na Chuo Kikuu cha Glasgow kusoma hisabati, fizikia na uhandisi. Alikaa mwaka mmoja tu akaacha. Elimu hiyo ya uhandisi haikupotea, hata hivyo, kwa kuwa aliirudia baadaye maishani (tazama swali la 13).

## Uwanjani

5. Alianza kucheza wapi, na alifikaje Queen's Park?

Glasgow ya miaka ya 1870 ilikuwa na timu kila mtaa. Watson alianza na Maxwell, klabu ndogo, kisha mwaka 1876 akahamia Parkgrove, ambako alicheza na pia kuwa katibu wa mechi. Kazi hiyo, kwa wakati ambao ligi haikuwepo, ilikuwa nzito kuliko inavyosikika: ndiye aliyeziandikia klabu nyingine barua, akakubaliana nazo tarehe na uwanja, na kuhakikisha kuwa Jumamosi haipiti bila mechi.

Mwezi Aprili 1880 aliteuliwa katika kikosi cha Glasgow kilichokwenda Sheffield na kushinda 1-0, na mwezi huo huo akajiunga na Queen's Park. Mwezi Novemba 1881 akawa katibu wa klabu hiyo, kwa hiyo kwa kipindi fulani yeye ndiye aliyekuwa beki wake na mwandishi wa barua zake kwa pamoja.

6. Queen's Park ilikuwa klabu ya aina gani?

Ilianzishwa mwaka 1867 na ni klabu kongwe kuliko zote za Uskoti. Katika miaka ya Watson, ilikuwa ndiyo kilele: mechi ya kwanza ya kimataifa ya mwaka 1872 Uskoti ilichezesha wachezaji wa Queen's Park watupu. Ilikuwa klabu ya ridhaa, na kaulimbiu yake ya Kilatini ina maana ya kucheza kwa ajili ya kucheza tu. Ilishikilia msimamo huo wa ridhaa hadi mwaka 2019.

Klabu hiyo inasifiwa zaidi kwa mchezo wa pasi. Waingereza wa wakati huo walipenda mtu mmoja auchukue mpira na kupiga chenga mpaka apokonywe, huku wenzake wakimfuata nyuma. Waskoti waligawiana mpira wawili wawili. Kwa mtazamaji wa leo jambo hilo ni la kawaida kabisa, lakini wakati ule lilikuwa geni, na matokeo ya swali la 8 yanaonyesha tofauti iliyoleta.

7. Alicheza nafasi gani, na alikuwa mchezaji wa namna gani?

Alikuwa beki, na aliweza kucheza upande wa kulia au wa kushoto. Wasomaji waliozoea kusema «beki mbili» na «beki tatu» wataona urahisi wake: mabeki walikuwa wawili tu uwanjani. Mpangilio uliotumika sana ulikuwa kipa mmoja, mabeki wawili, viungo wawili na washambuliaji sita. Jezi hazikuwa na namba, goli halikuwa na wavu, na adhabu ya penalti haikuwepo hadi mwaka 1891.

Beki katika mpangilio huo hakuwa na pa kujificha. Washambuliaji sita walikuja kwa mkupuo, kumsukuma mtu kwa bega lilikuwa jambo halali, na mpira wa ngozi ulizidi uzito kila ulipolowa mvua ya Glasgow. Alichohitaji ni kasi ya kumfikia mtu, ujasiri wa kuingia miguuni mwake, na teke la kuuondoa mpira mbali. Kitabu cha mwaka cha Chama cha Soka cha Uskoti cha 1880-81 kilimsifu Watson kwa hayo yote matatu, kikamweka miongoni mwa mabeki bora kabisa na kusema kuwa anastahili nafasi katika kikosi chochote teule.

8. Nini kilitokea katika mechi ya 12 Machi 1881?

Uskoti ilikwenda London, katika uwanja wa Kennington Oval, ambao kwa kweli ni uwanja wa kriketi, na kuifunga England mabao 6-1. Watson alikuwa nahodha, na hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya kwanza ya taifa. Hadi leo England haijapata kufungwa nyumbani kwa tofauti kubwa kuliko hiyo. Wahungari waliowafunga 7-1 mwaka 1954 walifanya hivyo Budapest, si London.

Ilikuwa siku ya Jumamosi. Jumatatu iliyofuata, tarehe 14 Machi, timu hiyo ilikuwa Wrexham ikiikabili Wales, na Wales nayo ikachapwa 5-1. Mechi mbili za kimataifa ndani ya siku tatu, na safari ya treni katikati yake: makocha wanaolalamikia ratiba siku hizi wangepata la kusema.

Mwaka uliofuata, tarehe 11 Machi 1882, England ilikuja Glasgow kujaribu kulipiza. Ilifungwa 5-1 katika uwanja wa kwanza wa Hampden, Watson akiwa tena katika safu ya ulinzi. Hiyo ikawa mechi yake ya tatu na ya mwisho kwa taifa.

9. Alitwaa makombe gani?

Alitwaa Kombe la Uskoti mara tatu akiwa na Queen's Park: mwaka 1881, 1882 na 1886. Anatambuliwa kuwa mchezaji mweusi wa kwanza kushinda kombe kubwa la soka.

Fainali mbili za mwanzo zilikuwa dhidi ya Dumbarton na zote zilihitaji kurudiwa. Ile ya 1881 Queen's Park ilishinda 2-1, lakini Dumbarton walikata rufaa kwa sababu ya watazamaji walioingia uwanjani. Mechi ikarudiwa na matokeo yakawa 3-1. Ile ya 1882 ilikuwa sare ya 2-2, kisha 4-1 katika marudiano. Fainali ya 1886 ilikuwa dhidi ya Renton, 3-1, na Watson wakati huo alikuwa amekwisha kupita London na kurudi kuivaa tena jezi ya klabu yake.

10. Kwa nini aliichezea Uskoti mechi 3 tu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko mengine, na wengi hulijibu kwa kudhani kuwa aliachwa kwa sababu ya rangi yake. Sababu iliyo wazi ni nyingine. Mwaka 1882 alihamia London, na Chama cha Soka cha Uskoti wakati huo kilichagua wachezaji wanaocheza ndani ya Uskoti peke yao. Utaratibu huo uliendelea hadi mwaka 1896, uliwafungia nje Waskoti wengi waliokwenda kutafuta maisha England, na hata weupe haukuwasaza.

Tena, mechi 3 hazikuwa chache kama zinavyoonekana. Uskoti ilicheza na England na Wales tu, mara moja kwa mwaka kila mmoja, kwa hiyo mtu aliyechaguliwa kila mara angefikisha mechi 4 katika miaka miwili. Watson alicheza 3 kati ya hizo 4.

11. Alicheza wapi baada ya kwenda London?

Alijiunga na Swifts, moja ya klabu zenye heshima za London, akawa mchezaji mweusi wa kwanza kucheza Kombe la FA la England. Kisha akakaribishwa Corinthian, na hapa historia ilifanya mzaha. Corinthian ilianzishwa mwaka 1882 kwa lengo mahususi la kuwakusanya pamoja wachezaji bora wa England ili taifa liache kufedheheshwa na Waskoti. Mmoja wa watu waliowafedhehesha zaidi, nahodha wa ile siku ya 6-1, akawa anacheza katika klabu iliyoundwa kuponya kidonda hicho.

Mwezi Desemba 1884 alikuwemo katika kikosi cha Corinthian kilichoifunga Blackburn Rovers mabao 8-1, wakati Blackburn ndiyo iliyokuwa ikishikilia Kombe la FA. Mwaka 1887 alihamia Bootle, karibu na Liverpool, na huko ndiko safari yake ya soka la juu ilikomea.

## Maisha nje ya uwanja

12. Alilipwa kwa kucheza soka?

Queen's Park, Swifts na Corinthian zote zilikuwa za ridhaa, na England iliruhusu malipo mwaka 1885 huku Uskoti ikisubiri hadi 1893. Kwa hiyo katika miaka yake bora hakulipwa. Hakuhitaji pia: baba yake alifariki mwaka 1869 na kumwachia pauni 6,000, fedha nyingi sana kwa kijana wa miaka 13. Mbali na urithi huo alikuwa mshirika katika biashara ya bohari ya jumla jijini Glasgow.

Bootle ilikuwa klabu iliyolipa baadhi ya wachezaji wake, na hapo ndipo ulipo mzizi wa ubishi unaoelezwa katika swali la 16.

13. Alikuwa na familia? Alifanya kazi gani baada ya kutundika daluga?

Alimwoa Jessie Nimmo Armour jijini Glasgow mwaka 1877, wakapata mtoto wa kiume, Rupert, na wa kike, Agnes. Jessie alifariki mwaka 1882, muda mfupi baada ya familia kuhamia London, na watoto wakarudishwa Glasgow kwa babu na bibi yao. Mwaka 1887 Watson alimwoa Eliza Kate Tyler, na wakapata watoto wengine wawili.

Mwaka 1882, kwa hiyo, unasomeka kwa namna mbili. Kwenye vitabu vya soka ni mwaka wa Kombe la Uskoti na ushindi wa 5-1 dhidi ya England. Nyumbani kwake ni mwaka ambao, kabla haujaisha, alibaki mjane wa miaka 26 mwenye watoto wadogo wawili.

Akiwa Liverpool alifanya mitihani ya uhandisi wa meli na kufanya kazi baharini kwa miaka mingi. Kwa hiyo mtoto aliyevushwa Atlantiki kwa fedha za sukari aliishia kupata riziki yake katika chumba cha injini, mahali ambapo jina la ukoo halisukumi mashine.

14. Je, alibaguliwa kwa rangi yake?

Magazeti ya Uskoti ya wakati wake kwa kawaida yalimwandika kama beki, bila kutaja rangi. Kuna hata taarifa za mechi ambamo kilichomshangaza mwandishi ni daluga zake za rangi ya kahawia, kwa sababu wengine wote walivaa nyeusi. Taarifa hizo hutajwa sana, na si vibaya, maana zinamwonyesha mtu aliyependa kupendeza.

Hata hivyo si kweli kwamba hakuonja matusi. Gazeti moja la michezo la Uskoti lilieleza kuwa zaidi ya mara moja alitukanwa na wachezaji wenye hasira, naye hakuacha adabu yake ya kiungwana. Kwa maoni yangu, mambo mawili yalimkinga kwa kiasi: elimu na fedha zake, zilizomweka katika tabaka la wale wale waliokuwa wakiendesha soka. Mtu mweusi asiye na kitu katika bandari hiyo hiyo ya Glasgow hangepata mapokezi hayo.

15. Alifariki wapi?

Alifariki Kew, magharibi mwa London, kwa homa ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 64, na akazikwa katika makaburi ya Richmond. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba alihamia Australia na kufia Sydney, na bado utaikuta habari hiyo katika maandishi ya zamani. Si sahihi. Kaburi lake, lililokuwa limechakaa na kuzongwa na majani, limekwisha kukarabatiwa.

## Ubishi wa nani alikuwa wa kwanza

16. Si Arthur Wharton ndiye mwanasoka mweusi wa kwanza?

Wharton alizaliwa Accra mwaka 1865 na alikuwa kipa aliyedakia Preston North End na Rotherham Town, pia mwanariadha mwenye mbio kali. Yeye ndiye anayejulikana kama mwanasoka mweusi wa kwanza wa kulipwa, na sifa hiyo ni yake. Watson alimtangulia uwanjani kwa miaka kadhaa, ila akiwa mchezaji wa ridhaa.

Wapo wanaotaka kumpa Watson sifa zote mbili kwa sababu ya Bootle. Kucheza katika klabu inayolipa baadhi ya watu si sawa na kulipwa, na sioni sababu ya kumnyang'anya Wharton cheo chake ili kumwongezea mtu ambaye tayari ana unahodha wa taifa.

17. Robert Walker anaingia wapi?

Robert Walker alikuwa mchezaji mwingine mweusi aliyechezea Parkgrove pamoja na Watson mwaka 1876. Kwa hiyo hata ndani ya timu yake mwenyewe Watson hakuwa peke yake. Tofauti ni kwamba Walker hakuitwa timu ya taifa.

18. Ni nani aliyemfuata katika timu ya Uskoti?

Mchezaji mweusi aliyefuata kuvaa jezi ya Uskoti ni Nigel Quashie, mwaka 2004. Kati yao ilipita miaka 122. England, kwa upande wake, ilimchezesha Viv Anderson mwaka 1978, naye akawa mweusi wa kwanza katika timu yake ya wakubwa.

19. Kwa nini alisahaulika muda mrefu hivyo?

Orodha za wachezaji huandika majina, na «A. Watson» ni jina la Kiskoti kabisa, anayelisoma hana sababu ya kuuliza lolote. Magazeti yasiyotaja rangi yake, jambo tulilolisifu katika swali la 14, ndiyo hayo hayo yaliyomficha kwa vizazi vilivyofuata. Zilizobaki ni picha za timu: vijana wa Kiskoti wenye masharubu wamekaa kwa safu, na katikati yao nahodha wao mweusi, ametulia, anatazama kamera.

20. Naweza kuona kumbukumbu yake wapi leo?

Mbali na kaburi la Richmond, iko michoro ya ukutani Glasgow. Mmoja umechorwa katika klabu ya bowling ya Hampden, mahali hasa palipokuwa uwanja wa kwanza wa Hampden kabla ya njia ya reli kupitishwa hapo, nao unaonyesha mechi ya 11 Machi 1882. Anayefika hapo huwakuta wazee wakibingirisha mipira yao kwenye nyasi zile zile ambako England ilifungwa 5-1.